Mtoto aende kuchuma nsafu

Tuseme wazi bila kuzunguka. Mtoto wa miaka mine ama mitano anayekaa Makiso leo anajua pome. Amelichora kule maternelle, amelipaka rangi nyekundu, mwalimu amemwandikia «P» pembeni. Pome lenyewe halioti hapa: mti wake unataka baridi, na sisi tunakaa karibu kabisa na ikweta. Lile analoliona dukani limekuja kwa ndege ama kwa njia ya Bunia, na bei yake wazazi wanaijua. Sasa muulize mtoto huyo nsafu inatoka wapi. Atakujibu: «Ku soko.»

Hatumcheki mtoto. Tunawashitaki wazazi wake, watu wa rika letu, wenye diplome kama sisi. Miaka ya 1970 wakubwa wetu walivaa abacost, wakabadilisha majina, wakaita Authenticité, na bado kitabu cha mtoto kilibaki na pome lake. Leo wanatuambia kwamba kumpeleka mtoto mdogo kuchuma matunda ni mambo ya watu wa kijijini, ni kupoteza siku. Siye tunasema hayo ndiyo masomo yake ya kwanza.

Angalieni kazi yenyewe. Mkubwa anapanda mti ama anavuta matunda kwa mti mrefu; mtoto anabaki chini na kitunga. Kazi yake ni kuchagua. Nsafu ambayo haijakomaa ni ya rangi ya waridi, iliyokomaa ni ya buluu nzito, karibu nyeusi. Akitia ya waridi, hakuna haja ya kumgombeza: jioni apewe aile hiyohiyo, ukali wake utasema naye. Anajua pia kwamba iliyoanguka na kupasuka ni ya leo, maana nsafu inalegea upesi, haingoji wiki. Na nyumbani anaona kwamba haichemshwi kwa fujo. Ni majivu ya moto, ama maji ya moto kidogo tu, halafu inaliwa na lituma ama kwanga. Mtoto aliyepitia hayo yote kwa siku moja amejifunza rangi, hesabu, subira na upishi, bila ubao wala chaki.

Halafu kuna mbegu. Mbegu ya nsafu haiwekwi kabatini, ikikauka, imekufa. Ni lazima ipandwe mbichi. Mtoto akiipanda akiwa na miaka mine, mti ukikubali, anaweza kula matunda yake kabla ya kumaliza primaire. (Mingine inatoka dume, haizai kitu; hilo nalo afadhali alijue mapema.)

Lakini hatukushika kalamu kwa sababu ya chakula tu. Wakati wa Wabelgiji, vijiji vyetu vingi vilitolewa ndani ya pori vikapangwa kando ya barabara. Watu walihama, miti haikuhama. Ukikuta mingazi na minsafu imesimama pamoja katikati ya pori, jua kwamba hapo palikuwa nyumba, na mara nyingi makaburi hayako mbali. Koko anapomwambia mjukuu «huu alipanda baba ya baba yangu», anamsomea karatasi ya ardhi ambayo hakuna ofisi iliyoiandika. Dekreti ya mwaka 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kuomba pori lake, mpaka hekta 50,000, lakini ni lazima ramani ichorwe, na mipaka ionyeshwe. Nani ataionyesha? Wazee wanaisha. Herbari ya Yangambi inatunza majani ya miti yetu vizuri sana, ila haiwezi kusema mti ule ni wa ukoo gani.

Tunajua majibu ya kutuangusha. Wa kwanza anasema: njia si salama. Ni kweli, wala hatumdharau. Waliokuwa hapa Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita mjini mwetu, wanajua sababu ya mzazi kufunga mlango. Na tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umefukuza watu wengi ng'ambo ya Lubunga. Hatumwambii mtu ampeleke mtoto penye mishale. Lakini Kisangani haina upande mmoja tu. Iko barabara ya zamani ya Buta, toleka inafika. Na ndani ya mji wenyewe, Mangobo na Kabondo, minsafu iko katika viwanja vya jirani. Omba ruhusa, peleka mtoto, acha fungu la mwenye mti.

Wa pili anasema hii ni kazi ya watoto, sheria inakataza. Mtoto anayebebeshwa mzigo alfajiri auze mjini ananyonywa, nasi tunapinga hilo pamoja naye. Ila mtoto anayeokota nsafu kumi na mbili, tisa akazila njiani, huyo hajaajiriwa na mtu.

Kwa walimu wa maternelle tuna ombi moja dogo. Musimu ujao, leteni tawi lenye matunda darasani, ya waridi na ya buluu pamoja, mwaandikie watoto «N». Pome mnaweza kulibakiza kwa ukurasa wa pili.