Mbao za Walikale: mti mmoja, walaji wengi

Mbao nyingi zinazouzwa Goma zinatoka pori la Walikale, zinapita Masisi na Sake. Mwenye pori anabaki na kidogo. Usafiri, kodi na barieri za njiani zinakula sehemu kubwa. Ndiyo maana wengine wanakata haraka, hata miti michanga, ili wingi ufidie hasara.

Sheria iko. Amri ya Agosti 2014 inaruhusu jamii kupewa msitu wake, hadi hekta elfu 50, bila mwisho wa muda. Huko Walikale jamii kadhaa zimeshapata hati. Lakini hati peke yake haijazi sufuria. Kukata kwa mpango ni kuhesabu miti, kuchagua iliyokomaa, kuacha ya mbegu, kisha kungojea. Na wakati unangojea, anayekata kwa wizi anauza bei ya chini.

Masisi watu wanapanda mikaratusi ya makala na nguzo, na hiyo inapunguzia pori mzigo. Ila libuyu haukomai katika maisha ya mtu mmoja.

Basi, kama barieri inatoza mbao halali sawasawa na za wizi, mwanakijiji atachunga msitu kwa faida gani?