Mashauri ya Nyumbani: Fungu la Kwanza la Siku



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulijua na wachache hulitenda, nalo ni kumtengea Mungu wakati katika maisha yetu haya mafupi. Hatusemi na wavivu. Twasema hasa na watu wa kazi, baba na mama wenye nyumba na walimu wenye shule. Maana mvivu akiacha sala, sababu yake yajulikana. Bali mtu wa kazi akiacha sala huwa na udhuru mzuri, na udhuru mzuri ni mtego mbaya.

Tazameni mwaka wetu hapa Turiani. Masika yakinyesha, toka Machi hata Mei, watu wamo katika mpunga. Mpunga ukianza kuzaa, watoto na wazee hushinda shambani wakiamia ndege. Halafu ni kuvuna, kupura, kupepeta na kuuza. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa kikianza msimu wake, wengine hushika zamu usiku na mchana. Mvua za vuli zikikaribia, majembe yametolewa tena. Mwalimu naye ana vipindi vyake, na madaftari ya kusahihisha, na mitihani. Mama ana maji, kuni, watoto, na pengine mgonjwa ndani. Kila mmoja husema, "Nitasali vizuri mambo yakitulia." Basi twawauliza: ni mwaka gani mlioona mambo yametulia?

Wakata miwa wa Mtibwa wanajua neno moja liwezalo kutufundisha. Muwa ukiisha kukatwa hauwekwi ghalani kama mahindi. Sharti upelekwe kiwandani upesi, kwa kuwa kadiri unavyokaa ndivyo sukari yake inavyopungua. Ukiachwa siku nyingi, uzito wake utauona, lakini utamu umekwenda. Siku ya mtu nayo ni hivyo hivyo, haiwekwi akiba. Saa ya leo tusiyompa Mungu hatutaikuta kesho ikitungoja mlangoni.

Na tuhesabu kidogo, kama watoto wa shule. Zaburi ya 90, iitwayo sala ya Musa, yataja miaka 70 ya maisha, au 80 kwa mwenye nguvu, tena yamwomba Mungu atufundishe kuzihesabu siku zetu. Miaka 70 ni siku 25,550 na chache zaidi. Mtu alalaye saa 8 kila usiku, katika hiyo miaka 70 amelala miaka 23 na zaidi. Toa utoto, toa ugonjwa, toa safari na kungojea, kisha tazama kilichosalia. Na nani kati yetu aliyeahidiwa hiyo 70? Nendeni makaburini mkatazame, mtaona makaburi mafupi karibu na marefu.

Lakini hesabu ina upande wa pili, nao ni wa faraja. Robo saa kila siku, kwa mwaka mmoja, ni saa 91, yaani karibu siku 4 nzima, mchana na usiku. Hakuna mkulima awezaye kuacha shamba siku 4 mfululizo ili asali. Lakini robo saa, nani asiyeiweza? Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa twataka mkumbuke habari ya jirani zetu wa Mhonda. Misheni ile ilianzishwa mwaka 1877 na Mapadre wa Roho Mtakatifu waliotoka Bagamoyo, walikoanza kazi mwaka 1868. Pamoja nao walikuja Wakristo waliokuwa wamekombolewa utumwani, wakakaa pale na nyumba zao. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu soko la watumwa la Unguja kufungwa, mwaka 1873. Fikirini maana yake. Mtumwa hana saa iliyo yake. Huamka kwa amri, hula kwa amri, hulala kwa amri, na jasho lake ni mali ya mwingine. Mtu huyo akikombolewa, mali ya kwanza anayoipata ni siku yake mwenyewe, kabla ya shamba na kabla ya nyumba. Na desturi ya Kanisa ikawa kumwita kwa kengele asubuhi, adhuhuri na jioni, asimame kitambo kidogo, amkumbuke Malaika wa Bwana na habari njema aliyomletea Bikira Maria.

Labda mtu atauliza, je, kengele ile si bwana mwingine? Sivyo. Mwenye watumwa hapendi watu wake wasimame. Kengele ya sala yamwambia mtu, "Simama, weka jembe chini, wewe ni zaidi ya jembe lako." Basi na sisi tujipime kwa kipimo hicho. Nani mwenye siku yetu? Shamba? Fedha? Simu ya mkononi, ituitayo mara nyingi kuliko kengele yo yote, nasi twaiitika mara moja, hata usiku wa manane? Mtu asiyeweza kuiacha kazi yake kwa robo saa, tutamwitaje huru?

Wengine hujibu, "Kazi yangu ndiyo sala yangu." Neno hili lina ukweli ndani yake, kwani kazi yaweza kutolewa kwa Mungu kama sadaka. Walakini waangalieni Wabenedikto, walioanza Peramiho mwaka 1898. Hao wanajulikana kwa kazi za mikono, na kanuni yao yawaagiza kufanya kazi. Hata hivyo saa ya sala ikifika, chombo huwekwa chini. Hakuna anayeweza kusema kuwa kwa sababu hiyo hawakujenga. Na Bwana wetu mwenyewe? Marko, katika sura ya kwanza, asimulia ya kuwa jioni moja mji mzima ulikusanyika mlangoni na wagonjwa wake. Kesho yake, kabla ya mapambazuko, Yesu aliondoka akaenda mahali pasipo watu akasali, na wanafunzi wakamtafuta. Kazi yake ya kuhubiri ilikuwa ya miaka michache tu, na wagonjwa hawakwisha. Lakini hakungoja waishe ndipo asali.

Tulimjua mtu mmoja katika vijiji vyetu. Jina lake tunaliweka. Alikuwa mkulima hodari wa mpunga, baba mwema, asiye na ugomvi na mtu. Yeye na mkewe walikuwa wamebatizwa, lakini waliishi bila ndoa ya Kanisa. Mke alimwomba, katekista alimkumbusha, naye hakukataa hata mara moja. Jibu lake lilikuwa moja daima: "Tukiisha kuvuna." Wakavuna mara saba. Mwaka wa nane homa ilimshika wakati mpunga umeanza kuinama, na siku ya tatu akafa. Majirani wakamsaidia mjane kuvuna, na mavuno yakawa mazuri kuliko ya miaka yote. Magunia yalipokwisha kuingizwa ndani, mjane alisema maneno mawili tu: "Sasa tumevuna." Hatumhukumu marehemu. Mungu peke yake aujua moyo wake, na rehema zake hazina mpaka. Lakini maneno ya mjane yule twawaachia ninyi, kila mwenye "tukiisha" yake ayasikie.

Basi mashauri yetu ni haya.

Kwanza, mpeni Mungu mwanzo wa siku, msimpe makombo yake. Kabla ya kushika jembe au simu, pigeni magoti. Hata dakika tano zatosha kuanza, mradi ziwe zile zile kila siku.

Pili, jioni, kabla watoto hawajasinzia, kusanyikeni wote. Baba aanze sala. Baba akiwa zamu, mama aanze. Wote wakiwa hawapo, mtoto mkubwa aanze. Mtu mmoja asome maneno machache ya Injili. Isiwe ndefu hata watoto wachoke.

Tatu, mkiisha kulala chini, ulizeni dhamiri zenu neno moja: leo nimempa Mungu nini, na jirani nini? Kisha ombeni toba na mlale kwa amani.

Nne, Jumapili isihesabiwe kama siku ya kumalizia kazi za Jumamosi. Na aliye zamuni siku hiyo asikate tamaa, bali atafute saa nyingine ya kumtolea Bwana.

Tano, jambo la Mungu lililoahirishwa nyumbani mwenu, ikiwa ni ndoa, ubatizo wa mtoto, kitubio, au kupatana na ndugu, litajeni kwa jina usiku wa leo. Litieni tarehe. Msilitie msimu.

Nanyi walimu, ndugu zetu, neno moja zaidi. Watoto hujifunza saa kwa kutazama ya mwalimu. Sala ya asubuhi ikisemwa mbio mbio ili mapema kipindi kianze, wamekwisha fundishwa ya kuwa Mungu hukaa katika dakika zisizo na kazi. Ikisemwa taratibu, mwalimu mwenyewe akiwa ametulia, hilo nalo ni somo, nao watalikumbuka wakiwa wamesahau hesabu za sehemu.

Mungu atupaye siku moja moja, wala hatupi mbili kwa pamoja, atujalie kumrudishia fungu la kwanza la kila moja. Azibariki nyumba zenu na kazi ya mikono yenu. Amina.