Hitilafu Haitafutwi kwa Kubahatisha

Mwanafunzi mmoja aliniletea kompyuta yake akilalamika kwamba ndege yake huanguka kila siku. Ndege hiyo haikuwa na bati wala injini. Ilikuwa picha katika kioo, kazi ya programu ya kuigiza urubani ambayo watu huitumia majumbani. Na kwa kweli si ndege iliyokuwa ikianguka, bali programu yenyewe: kila safari, baada ya dakika 20 hivi, picha iliganda na programu ikajifunga bila kutoa sababu. Nilimwuliza amefanya nini mpaka sasa. Akajibu kwa fahari kwamba ameifuta na kuiweka upya mara tatu, amebadili mipangilio yote ya picha, na sasa anatafuta fedha za kuongeza kumbukumbu ya kompyuta. Nilipomwuliza ameandika nini, alinyamaza.

Makala haya yanahusu kimya hicho, kwa maana nimekisikia pia katika maabara za shule zetu.

Huenda msomaji akaona kuwa programu ya kuigiza urubani ni mchezo tu, usiostahili nafasi katika jarida la sayansi. Lakini ni programu chache za nyumbani zinazoitumikisha kompyuta kama hii. Prosesa hukokotoa nguvu zinazoibeba ndege, kadi ya picha huchora milima na mawingu, na diski husoma ramani bila kupumzika. Katika miaka ya 1980, makampuni mengi yalipotengeneza kompyuta za kufanana na ile ya IBM, Flight Simulator ya Microsoft, iliyotolewa mwaka 1982, ilitumika kuwa kipimo: kompyuta iliyoshindwa kuiendesha haikuhesabiwa kuwa imefanana kikamilifu. Basi programu ya namna hii inapoanguka, inatoa ushahidi. Kazi yetu ni kuusoma.

Jambo la kwanza ni kuuhifadhi ushahidi huo. Programu iitwayo X-Plane, kwa mfano, huandika matukio yake katika faili la Log.txt, lakini faili hilo huandikwa upya kila programu inapowashwa. Anayekimbilia kuiwasha tena kabla ya kunakili faili hilo amemfukuza shahidi. Windows nayo huweka daftari la matukio, linalotaja programu iliyoanguka, sehemu yake iliyokuwa ikifanya kazi, na namba ya kosa. Namba 0xc0000005 maana yake ni kwamba programu ilijaribu kugusa mahali pa kumbukumbu pasipo ruhusa. Hata hivyo, yafaa tutahadhari: sehemu iliyotajwa ndiyo iliyokutwa mahali pa tukio, na si lazima iwe ndiyo mkosaji.

Jambo la pili ni kufikiri kabla ya kununua. Flight Simulator X ya mwaka 2006 ilitungwa kwa anwani za biti 32. Hesabu yake iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari: 2 kwa kipeo cha 32 ni 4,294,967,296, na kila anwani huonyesha baiti moja. Kwa hiyo programu hiyo haiwezi kupita gigabaiti 4, hata ikiwekwa katika kompyuta yenye gigabaiti 16. Ikiishiwa anwani kwa sababu imepakiwa mandhari mengi mno, dawa ni kupunguza mzigo. Kununua kumbukumbu zaidi ni kuongeza maji kisimani ili ndoo ile ile ichote zaidi. Toleo la mwaka 2020 lilitungwa kwa biti 64, na ukomo huo ukaondoka.

Jambo la tatu ni kugawa mara mbili. Mwanafunzi wangu alikuwa ameongeza vitu 32 vilivyotungwa na watu mbalimbali: ndege, viwanja, mawingu. Tulianza kwa kuviondoa vyote, na programu ikatulia. Tukarudisha nusu yake, ikaanguka. Tukagawa nusu hiyo tena. Kwa kuwa 32 ni 2 kwa kipeo cha 5, safari tano zilitosha kumpata mkosaj­i mmoja, nazo hazikufika saa mbili. Kama tungejaribu kimoja kimoja, tungeweza kuhitaji safari 31, yaani zaidi ya saa kumi. Tulipata mawingu yaliyotungwa kwa ajili ya toleo la zamani. Tukayaondoa, tukarudisha vingine vyote, na ndege ikasafiri salama. Kisha nikamwagiza ayarudishe mawingu yale. Alishangaa, lakini alitii, na programu ikaanguka. Hapo ndipo tulipokuwa na haki ya kusema kuwa tumejua. Kuuondoa ugonjwa ni nusu ya uthibitisho. Kuurudisha kwa hiari ni nusu ya pili.

Si kila hitilafu ni tiifu hivyo. Pengine nyongeza mbili hugombana zinapokutana tu, na kila nusu ikijaribiwa peke yake huonekana haina kosa. Pengine joto la prosesa ndilo chanzo. Tena zipo hitilafu za kubahatisha. Ikiwa programu huanguka mara moja katika kila safari mbili, uwezekano wa safari tatu mfululizo kupita salama kwa bahati tu ni 1/8. Anayesafiri mara moja na kutangaza kuwa amepona hajathibitisha lolote.

Sasa nirudi shuleni. Mwanafunzi anapopima mvutano wa dunia kwa timazi na kupata 8.9 badala ya 9.8, mara nyingi hufanya nini? Hufuta na kuandika 9.8, kwa sababu anajua alama zimewekwa hapo. Huyu na yule aliyeifuta programu mara tatu ni ndugu: wote wawili wameondoa kosa bila kulijua. Nasi walimu tumewafundisha hivyo, kwa kusahihisha jibu na kupuuza njia. Hatuna budi kubadilika. Napendekeza kila daftari la maabara liwe na ukurasa wa hitilafu, ambapo mwanafunzi ataandika kilichoharibika, alichokisia, kitu kimoja alichobadili, na matokeo yake; na ukurasa huo upewe alama sawa na jibu.

Najua walimu watasema muda hautoshi na mitihani inakaribia. Ni kweli. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi huyo kesho atakuwa mwuguzi mbele ya kipimo kisichosomeka, au fundi mbele ya jenereta ya hospitali iliyozimika. Wala shule haihitaji kompyuta ili kuanza. Tochi isiyowaka inatosha: betri, balbu, waya na swichi, kimoja baada ya kingine, na kalamu mkononi.