Kamera isiyo na lenzi

KAULI YA JUMAMOSI
Na Mwanaisha Kombo

Mwaka 2023 Bjørn Karmann, msanifu kutoka Denmark, alionyesha kamera isiyo na lenzi aliyoipa jina Paragraphica. Ukiibonyeza, haitazami kilicho mbele yako. Inasoma anwani ya pale uliposimama, saa, hali ya hewa na majina ya sehemu za jirani, inayageuza hayo kuwa maelezo mafupi, kisha akili unde inachora picha kwa kufuata maelezo hayo. Nilijiuliza ingetoa nini mtu akiibonyeza Marikiti, au kwenye foleni ya feri ya Likoni jioni watu wanaporudi makwao. Nadhani ingetoa minazi, mchanga mweupe na mtalii mwenye kofia, maana Mombasa iliyojaa mitandaoni ndiyo hiyo. Mama muuza mbaazi na mahamri asingekuwamo.

Karmann alikuwa akifanya sanaa, wala hakumficha mtu. Simu iliyo mfukoni mwako inakwenda njia hiyohiyo kimyakimya. Sehemu ya simu inayopokea mwanga ni ndogo kama ukucha wa mtoto, kwa hiyo upungufu wake hufidiwa na hesabu: simu inapiga picha kadhaa kwa mfuatano wa haraka, inaziunganisha, inaangaza penye giza, inanoa palipofifia. Hapo hakuna ubaya. Ubaya unaanza inapoongeza kisichokuwapo. Machi 2023 mtumiaji mmoja wa Samsung Galaxy S23 Ultra alichukua picha ya mwezi, akaififisha makusudi hadi mashimo yake yakapotea, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa na kuipiga kwa simu hiyo kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo. Samsung ilieleza kwamba simu imefunzwa kuutambua mwezi na kuuboresha. Oktoba mwaka huohuo Google ikatoa Pixel 8, ambayo katika picha ya kundi inakuwezesha kumbadilishia mtu uso kwa kutumia uso wake wa picha nyingine iliyopigwa papo hapo. Familia nzima inatabasamu kwa pamoja katika sekunde ambayo haikuwahi kuwapo.

Sioni simu zikirudi nyuma kutoka hapo. Lenzi itabaki, lakini kazi yake itakuwa kutoa dokezo tu, na programu ndiyo itakayomaliza.

Sisi wa Pwani hatuna haki ya kujifanya tumeshtushwa na picha za kubuni. Wapigapicha wa feri ya Likoni walikuwa na mapazia yaliyochorwa ndege na meli, na kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege, akapigwa, akaituma picha nyumbani. Nani alidanganyika? Kitambaa kilionekana kuwa ni kitambaa. Mteja alikijua, mpigapicha alikijua, na shangazi kule bara alikijua vilevile, akacheka na kuitundika ukutani. Ndiyo maana sina ugomvi na bibi arusi anayetaka mashine imchoree maua na farasi. Ugomvi wangu ni na chombo kinachochora pazia bila kumwambia mwenye picha.

Jambo linakuwa zito zaidi picha inapotakiwa kutoa ushahidi. Mwaka 1984 Mohamed Amin, Mkenya mwenzetu, alibeba kamera hadi Korem, Ethiopia, na dunia ikaamini njaa ile kwa sababu aliionyesha. Leo kazi kama ile ingejibiwa na msemaji wa serikali kwa maneno mawili: akili unde. Hofu kubwa imeelekezwa kwenye picha ya uongo itakayoaminiwa. Mimi naiogopa zaidi picha ya kweli itakayokanwa. Hata wajuzi wamekwisha kuchanganyikiwa. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani alishinda katika tuzo za Sony kwa picha iliyotengenezwa na akili unde, akaikataa tuzo. Mwaka uliofuata Miles Astray akaingiza picha halisi ya heroe (flamingo) katika kundi la picha za akili unde kwenye shindano jingine, na majaji wakaipa nafasi ya tatu, umma nao ukaipigia kura ya ushindi, kabla hajajitokeza kusema kwamba ndege yule alikuwa hai.

Dawa inayouzwa sasa ni muhuri wa kidijitali. Kamera inaifunga picha kwa saini yake palepale inapopigwa, na kila badiliko la baadaye linaandikwa. Leica M11-P ilikuwa ya kwanza kuja na muhuri huo, Oktoba 2023, kwa bei ya zaidi ya dola 9,000. Pixel 10 ikafuata mwaka 2025. Mwaka huohuo Nikon ililazimika kufuta vyeti vyake baada ya kugundulika kwamba kamera yake ingeweza kughilibiwa ikaipiga muhuri picha isiyo yake.

Kasoro ya namna hiyo itatengenezwa. Kinachonikera ni bei. Siku mashirika makubwa ya habari yatakaposema picha isiyo na muhuri haipokelewi, kijana wa Kisauni anayelipia simu yake kidogokidogo atakuwa ameshuhudia kitu kisichohesabika. Picha ya askari akipiga raia kwa kawaida haitoki kwenye Leica.

Sheria yetu ya Ushahidi ina busara katika hili. Kifungu cha 106B kinataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani, na cheti hicho kinatiwa saini na mtu. Mtu huyo anaweza kuitwa, akaulizwa, akabanwa. Vyumba vya habari vya Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam vifanye hivyo bila kungojea kamera ya ughaibuni: mpigapicha ajulikane kwa mhariri, apigiwe simu, aeleze alisimama wapi, na faili lake la asili lihifadhiwe.

Nawe msomaji, ukipiga picha ya tukio, usiifute ile ya kwanza hata kama imetikisika. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na taarifa za saa na kifaa hupotea. Itume kama dokumenti.