Nywele Zilizokosewa Rangi Zisiadhibiwe Mara ya Pili

Harusi na mahafali mjini Morogoro huwa na maandalizi yake, na siku hizi rangi ya nywele imo. Binti anayetarajia kuvaa joho Mzumbe au SUA hununua pakiti ya rangi ya kahawia, huipaka nyumbani usiku mbele ya kioo kidogo, na asubuhi hukuta kichwa cheusi ti kama mkaa, au chenye rangi ya chungwa mbele na kahawia nyuma. Kosa hilo peke yake si kubwa. Madhara huanza saa moja baadaye, pale jirani, shangazi na simu ya mkononi vinapoanza kushauri kwa pamoja.

Ushauri wenyewe unajulikana: ndimu na jua la mchana, magadi, sabuni ya unga, na kwa aliyekata tamaa, jiki. Yote hayo yana kusudi moja, yaani kuing'oa rangi leo hii. Hapo ndipo kosa dogo linapogeuka kuwa upara.

Sababu imo katika umbile la unywele. Sehemu inayoonekana nje ya ngozi haina uhai. Haina damu wala uwezo wa kujiponya, na kilichovunjika hakiungiki tena. Imefunikwa na magamba yaliyolaliana kama vigae vya paa, yanayolinda protini ya keratini iliyo ndani. Rangi ya kudumu hupenya kwa sababu amonia huyainua magamba hayo, kisha hidrojeni peroksaidi hupausha weusi wa asili na kuzifunga chembe za rangi mpya ndani. Kwa hiyo nywele zilizotoka kupakwa rangi zimeshapigwa mara moja. Magadi, ambayo kila mpishi wa makande anajua yanavyolainisha mahindi magumu, huuvimbisha unywele na kuyaacha magamba wazi. Sabuni ya unga hufanya vivyo hivyo na kuondoa mafuta yote. Rangi hupungua kidogo, lakini keratini huondoka nayo.

Jiki inastahili onyo la peke yake. Haichagui kati ya rangi na protini. Huyeyusha vyote viwili, na huunguza ngozi ya kichwa na macho. Zaidi ya hayo, ikikutana na amonia iliyobaki kichwani hutoa hewa yenye sumu, na ikichanganywa na ndimu au siki hutoa hewa ya klorini. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, jambo lililoanza kama urembo linaweza kuishia kwa mtu kushindwa kupumua. Ndimu nayo si salama kama inavyodhaniwa: maji yake yakikauka juani kwenye paji la uso au shingoni, huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayodumu kwa majuma.

Nini basi kifanyike? Kwanza, kuacha. Nywele zilizotoka nyeusi kupita kiasi hupauka zenyewe kidogo kidogo kwa kila kuoshwa. Katika siku za mwanzo shampuu ya kawaida ya kuondoa mba, kwa maji ya vuguvugu, huharakisha jambo hilo bila kuleta vita. Ifuatwe na kondishena kila mara. Mafuta ya nazi yakipakwa saa kadhaa kabla ya kuosha hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini, jambo ambalo bibi wa pwani walilitenda kabla ya maabara kulithibitisha. Madoa ya rangi kwenye paji la uso hutoka kwa mafuta mazito na kitambaa laini, taratibu. Kuyasugua kwa nguvu huacha kidonda na doa likiwa palepale.

Jambo la pili halijulikani vya kutosha: rangi haiondoi rangi. Kupaka kahawia juu ya nyeusi hakuzai kahawia, bali nyeusi iliyochoka. Na nywele nyeusi zikipaushwa hupitia wekundu, kisha rangi ya chungwa, kabla ya kufika kwenye manjano. Kwa hiyo chungwa si ajali ya ajabu. Ni safari iliyokatizwa njiani. Kuimalizia safari hiyo kwa kupausha tena siku ileile ndiko kunakokata nywele. Ni afadhali kurudi nyuma: kupaka rangi ya muda isiyo na amonia, ya kahawia iliyokoza isiyo na wekundu, na kuridhika nayo kwa miezi michache.

Kwa nywele zilizotiwa dawa ya kulainisha, subira si hiari. Dawa hiyo ina nguvu kubwa ya alkali, na kuifuatisha na rangi ya kudumu ndani ya juma moja ni kuomba msiba. Angalau wiki mbili zipite. Ipo njia nyepesi ya kupima. Unywele uliolowa, ukivutwa taratibu, ukarefuka kama mpira bila kurudi au ukakatika, hautaki kemikali yoyote tena. Unataka mkasi. Nywele huota kwa takriban sentimeta 1 kwa mwezi, na kichwa kilichopunguzwa vizuri hakijawahi kumzuia mtu kupokea shahada. Asiyetaka kukata anaweza kufunga kilemba au kusuka, ila si kwa kukaza: twende kilioni iliyovutwa mno juu ya nywele dhaifu hulistahili jina lake.

Yote hayo yanahusu nywele. Ngozi ni habari nyingine. Rangi nyingi nyeusi, pamoja na piko inayochorwa mikononi mwa bibi harusi, zina kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo huweza kuufundisha mwili kuikataa. Aliyewahi kuwashwa au kutoka malengelenge kwa piko anaweza kuvimba uso mzima atakapopaka rangi ya nywele miaka kadhaa baadaye. Uvimbe huo huweza kuchelewa siku 2 au 3, ndiyo maana lawama huwaangukia dagaa wa jana au jirani mwenye kijicho. Kujaribu rangi kidogo nyuma ya sikio na kungoja saa 48 hupunguza hatari, ingawa hakuiondoi yote. Kope zikivimba, au pumzi ikibana, hakuna tiba ya nyumbani. Ni kwenda kituo cha afya mara moja. Kwa mkazi wa Nyandira au Bunduki, ambako kushuka hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wakati wa masika ni shughuli ya nusu siku, kungoja uvimbe upungue wenyewe ni kamari.

Si haki, hata hivyo, kumbebesha binti yule mzigo wote. Maelekezo ya saa 48 mara nyingi yamo ndani ya pakiti, kwa herufi ndogo na kwa lugha ya kigeni. Rangi inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye mfuko wa nailoni haina maelekezo kabisa. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na onyo la mzio kwa Kiswahili kinachosomeka juu ya kila pakiti ya rangi lisingekuwa sharti zito kwa mwagizaji anayeona faida katika soko hili. Saluni nazo hazihitaji kusubiri sheria. Kabla ya kuchanganya chochote, msusi amuulize mteja mambo mawili: nywele zilitiwa dawa lini, na piko iliwahi kumwasha?