Turkana si uwanja mtupu wa kuchezea ndege kuukuu

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha, nina hasira.

Rafiki zangu wa Nairobi wakisikia hatari ya ndege za kivita za zamani kwenye maonyesho, huniambia: "Si mzipeleke kwenu Lodwar? Jangwa tupu lile, ikianguka itaua nani?"

Nawajibu. Tarehe 22 Agosti 2015, Shoreham, Uingereza, Hawker Hunter iliyoundwa miaka ya 1950 ilikuwa ikipiga kitanzi angani. Rubani alitakiwa kufika futi 3,500 kabla ya kushuka. Alifika kama 2,700, lakini akaendelea. Ndege ikaangukia barabara ya A27 na watu 11 wakafa. Wote walikuwa nje ya uwanja wa maonyesho.

Sisi waandika programu tunalijua kosa hili: sharti halikutimia, kazi ikaendelea. Lakini kosa kubwa ni la waliopanga. Walimlinda mwenye tiketi, wakamsahau mpita njia. Baada ya msiba, mamlaka ya anga ya Uingereza ilizuia jeti za aina hiyo kufanya sarakasi juu ya nchi kavu, zipite tu.

Msiseme ni mambo ya Wazungu. Jeshi letu la anga liliwahi kurusha Hunter miaka ya 1970, na F-5 zetu zilianza kazi mwaka 1978. Na Mkataba wa Chicago wa 1944, msingi wa sheria za anga duniani, unahusu ndege za kiraia. Za jeshi hazimo.

Sasa tazameni ramani. Uwanja wa ndege wa Lodwar uko mjini. Barabara ya A1 inatoka hapo hadi Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu 1992, yenye watu zaidi ya 200,000. Katikati kuna wachungaji na mifugo, na mchungaji hana tiketi wala tangazo la kumwambia asogee.

Kwa hiyo, anayetaka maonyesho huku atangaze kwanza njia ya ndege na nani anaishi chini yake. Jeti kuukuu zipite tu, zisipinduke. Ajali ikitokea, ichunguzwe na watu wasio wa mwenye ndege, ripoti tuisome sote.

Jangwa ni tupu kwa anayelitazama kutoka dirisha la ndege. Sisi tuko huku chini. Mnasemaje?