Kazi ya Mtandaoni na Haki ya Kumkataa Mteja

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, kijana niliyemfundisha fonolojia na ambaye, kama wengi wa rika lake, hakupata kazi aliyoisomea. Siku hizi huunda tovuti. Hana mwajiri, husaka kazi mtandaoni, hupatana bei na anayeihitaji, akaimaliza na kuanza kusaka nyingine. Safari hii alikuwa amepata mteja mnono: shilingi 80,000, nusu yake ikitangulia kama arubuni. Tovuti iliyotakiwa ilikuwa ya kuwauzia insha wanafunzi wa vyuo vya Uingereza. Mwanafunzi wa huko angetaja mada na tarehe ya mwisho, angelipa, na mhitimu wa Kenya asiye na ajira angemwandikia. Kijana alitakiwa pia kubuni sura na shukrani za wateja walioridhika, ilhali tovuti yenyewe haijafunguliwa.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi siandiki insha ya mtu. Mimi nachora tu."

Huenda msomaji, hasa aliye mwalimu, akadhani kwamba jibu langu lilikuwa jepesi. Halikuwa. Kijana alikuwa anadaiwa kodi ya miezi miwili huko Kahawa Wendani, na dada yake aliye kidato cha tatu hulipiwa karo na yeye. Isitoshe, mimi mwenyewe nina doa katika jambo hili, na lazima nilianike kabla ya kumnyoshea mwingine kidole.

Mnamo 2018 kampuni moja ya kukopesha fedha kwa simu iliniomba niitafsirie maneno ya programu yake kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya jioni mbili, na malipo yalizidi ya kusahihisha mitihani ya muhula mzima. Mahali pamoja palihusu ruhusa: programu ilitaka kusoma majina na nambari zote zilizohifadhiwa katika simu ya mkopaji. Nikaandika kwamba majina hayo "yatatumika ili kukuhudumia vyema zaidi". Hebu tulitazame neno hilo kwa jicho la isimu. Lau ningeandika "yatatumiwa", msomaji angeweza kuuliza: na nani? Kauli ya kutendwa huacha mlango wazi kwa mtenda. Kauli ya kutendeka haina mlango huo. Majina yatatumika, kama vile kikombe kinavyovunjika, pasi na mkono wa mtu yeyote. Nililijua jambo hilo barabara, maana nimelifundisha kwa miaka mingi. Sentensi ilisikika vizuri, na mteja alitaka isikike vizuri.

Mwaka uliofuata binamu yangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikopa shilingi 3,000 na akachelewa kulipa. Akapigiwa simu mwalimu wake mkuu. Akapigiwa mama mkwe wake. Wakapigiwa wazazi wawili ambao nambari zao alikuwa nazo kwa ajili ya mambo ya watoto wao darasani, wakaambiwa kwamba mwalimu ni mwizi. Binamu alipokuja kwangu kunionyesha jinsi alivyonaswa, niliiona sentensi yangu kwenye kioo cha simu yake, haijabadilishwa hata herufi. Sikumwambia ni ya nani.

Ni kweli kwamba sheria ilikuja baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, nayo inadai ridhaa iliyo wazi, ya hiari, inayotolewa na mtu aliyeelezwa. Marekebisho ya 2021 yaliiweka biashara ya mikopo ya simu chini ya Benki Kuu ya Kenya, na kanuni za 2022 zikapiga marufuku kuwasumbua watu waliomo katika simu ya mkopaji. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni moja faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa kosa la aina hiyo. Lakini niliposhika kalamu mwaka 2018 hakuna kanuni iliyokuwa ikinizuia, na yamkini hivyo ndivyo ilivyo kwa kazi nyingi za mtandaoni: mteja hufika kabla ya sheria.

Neno lenyewe "mteja" lina historia ya kufikirisha. Katika matumizi ya zamani, mteja alikuwa mtu anayekwenda kwa mganga kutafuta tiba. Mganga hakumpokea na kuanza kuchanganya dawa. Alimhoji kwanza, nani amekutuma, nyumbani kuna nini, una ugomvi na nani. Simu za mkononi zilipoenea hapa Kenya, vijana wakalitwaa neno hilo kutoka kwa ile sauti ya kuarifu kwamba mteja hapatikani, hata leo mtu ambaye simu yake imezimwa husemwa kuwa "yuko mteja". Maana zote mbili zinaishi pamoja. Mteja wa mtandaoni anafanana zaidi na huyu wa pili. Kijana wangu hakujua jina kamili la aliyempa kazi, wala mji anakoishi, wala fedha zinatoka wapi. Alijua rangi tu alizozipenda.

Na umbali huo ndio unaoifanya kazi iwe nyepesi kukubalika. Wakenya wenzangu watakumbuka uchaguzi wa 2017, ilipozuka tovuti iliyoitwa The Real Raila, haina jina la mwenyewe, ikieneza video iliyochora Kenya ya 2020 ikiwa imeteketea kwa njaa na vita endapo Raila Odinga angeshinda. Ilikuwa miaka tisa tu tangu zaidi ya watu 1,100 wauawe kufuatia uchaguzi wa 2007. Desemba 2017 shirika la Privacy International la London lilifichua kwamba tovuti hiyo, pamoja na nyingine ya kumsifu Rais Uhuru Kenyatta, ilitengenezwa na kampuni ya Harris Media ya Austin, Texas. Sisi tulikasirika, na haki yetu ilikuwa. Watu wa Austin wasingelazimika kufunga maduka yao wala kuwahamisha watoto iwapo maneno yale yangewasha moto Kisumu au Naivasha.

Sasa tugeuze kioo. Kijana wa Kahawa Wendani hatalazwa katika hospitali ya Manchester ambako muuguzi amefuzu kwa insha alizonunua. Uingereza iliona madhara hayo ikatunga sheria mwaka 2022 ya kuyafanya kosa la jinai mauzo ya insha kwa wanafunzi wa vyuo vya England, na Australia ilikuwa imetangulia mwaka 2020. Tukilaumu Texas kwa kutuchorea sisi, kwa nini tusijiulize tunawachorea nini wengine?

Najua watakaosema kwamba hata wakili humtetea mshukiwa wa mauaji na hakuna anayemwita muuaji. Kweli. Lakini wakili husimama mbele ya hakimu, na upande wa pili yupo wakili mwingine wa kumpinga kila neno. Tovuti haina wa kuipinga. Mgeni huifungua peke yake, usiku, na uzuri wa sura yake ndio ushahidi pekee anaoutegemea. Ndiyo maana dai la "nachora tu" halinishawishi: kwa mtu aliye mbali, mchoro huo ndio biashara yenyewe. Wapo pia wasemao kwamba ukiikataa wewe mwingine ataichukua. Ataichukua, sina shaka. Hilo ni jambo lake na dhamiri yake.

Hoja ambayo hunitatiza zaidi ni ya tumbo. Mwaka 1964 mchoraji Ken Garland wa London na wenzake walitoa tamko la kuwataka wasanii wa fani yao waelekeze vipaji vyao kwenye kazi zenye faida kwa jamii badala ya matangazo ya vikorokoro. Nalistahi tamko hilo, ila mjini mwao kazi zilikuwapo. Hapa kwetu serikali imekuwa ikiwahimiza vijana kwa mpango wa Ajira Digital wajitafutie riziki mtandaoni, wakafunzwa kutengeneza na kuuza. Juu ya nani wa kumuuzia, wameachiwa wenyewe. Njaa ni mshauri mbaya, na anayengoja adaiwe kodi ndipo aamue mipaka yake amekwisha kuchelewa. Afadhali aiandike mipaka hiyo siku ambayo ana unga nyumbani. Aulize jina la mwenye tovuti na kama litaonekana humo. Aulize fedha zitatoka mfukoni mwa nani, na huyo anajua au hajui. Aulize kabla ya kupokea arubuni, kwa kuwa katika masoko mengi ya kazi za mtandaoni kuikataa kazi mwanzoni hakumgharimu mtu, ilhali kuiacha katikati humshusha daraja na kumfukuzia wateja wengine.

Nilimweleza kijana haya, na nikamsimulia habari ya sentensi yangu. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Na zile pesa, Mwalimu, ulizirudisha?"

Nikamwambia sikuzirudisha.

Aliondoka bila kuniahidi lolote. Siku tatu baadaye alinipigia simu. Alikuwa amemwandikia mteja akitaka jina la mwenye biashara liwekwe bayana na zile shukrani za kubuni ziondolewe, na mteja hakujibu tena. Sasa anaunda tovuti ya chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa maziwa kwa shilingi 25,000, watakazomlipa kidogo kidogo. Kodi ya mwezi mmoja bado anadaiwa. Nami juzi nilimpigia binamu yangu, nikamweleza ni nani aliyeiandika ile sentensi.